Mifuko ya mlangoni: niliyoyajua kwa kukaa na mtoto wa kaka yangu mwenye usonji

Mimi ni fundi cherehani, niko Wete, Pemba, sina cheti cha ualimu wala cha udaktari. Naandika haya mana watu wanakuja kwangu kupimwa nguo, wanamuona kijana wetu kakaa chini ya meza ya kukatia anachambua vifungo kwa rangi, wanamuangalia, hawasemi kitu, halafu wakishalipa wananivuta pembeni, fundi na mimi nna wangu yuko hivohivo lakini simtoi nje. Sasa badala ya kumueleza mmoja mmoja huku natia uzi kwenye sindano bora niandike, anaetaka asome.

Ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka 16, ana usonji, ndo ile kwa Kiingereza wanaita autism, kuwasiliana kwake na anavopokea mambo si kama wengine. Tunakaa nyumba moja yeye, baba yake, mama yake, bibi yake na mimi, na kwa kuwa cherehani yangu iko barazani mimi ndo nnaeshinda nae, mama yake yuko kazini na baba yake ana gari ya abiria anatoka alfajiri. Maneno anayo, si mengi, na mengine kayaokota redioni na kwenye boti. Akitaka kuondoka mahali hasemi nataka kuondoka, anasema "abiria wote mnaombwa", kwa sauti ileile ya yule dada wa kwenye spika. Wageni wanacheka. Sisi tukishasikia abiria wote tunatafuta viatu.

Alipokuwa mdogo alikuwa haitiki jina lake, haonyeshi kitu kwa kidole, na yale maneno mawili matatu aliyoanza nayo yakapotea. Bibi yake akasema husda. Akazinguliwa, akanyweshwa kombe, na mimi kwa hilo sina neno, yule bibi alikuwa anafanya anachokijua na kwa mapenzi, ila tulikuja kuona kwamba moja halizuii jengine, mtoto unaweza kumsomea na bado ukampeleka hospitali. Hospitali ya mwanzo wakatwambia watoto wa kiume huchelewa kusema, rudini nyumbani, na hapo ukapita muda mrefu bure. Mpaka tulipovuka Unguja, daktari wa watoto akakaa nae chini sakafuni akamtazama anavocheza, akamuuliza mama yake maswali mengi tangu mimba mpaka juzi, ndo tukasikia usonji. Hakutoa damu. Usonji hauna kipimo cha damu wala picha ya kichwa ya kuuonyesha, unatambuliwa kwa kumtazama mtoto anavoendesha mambo yake na kwa historia, kwa hiyo mtu akikwambia lete pesa nikupimie damu nikwambie kama mtoto ana usonji, huyo muage kwa heshima uondoke.

Wifi yangu alilaumiwa sana siku hizo. Mara alikuwa hamsemeshi mtoto, mara simu, mara alikula kitu. Nlikuja kusoma kwamba hata kwa wasomi ilikuwa hivohivo, Leo Kanner kule Marekani aliandika habari za watoto 11 mwaka 1943, na baada yake pakatokea madaktari wakawa wanasema eti chanzo ni mama asiekuwa na mapenzi, maneno hayo yakasumbua wazazi miaka ya 50 na ya 60 mpaka yakatupwa. Na hili la chanjo ya surua, ambalo bado nalisikia kila kliniki, lilitoka kwa Andrew Wakefield wa Uingereza mwaka 1998, jarida lililomchapisha likaifuta makala yake 2010 na yeye mwenyewe akafutwa udaktari. Wadenmark wakafuatilia watoto zaidi ya 650,000 wakatoa majibu 2019, waliochanjwa na wasiochanjwa hawakutofautiana kwa usonji. Mimi jirani yangu aliacha kumchanja mwanawe kwa kumuangalia wetu, nlimfuata mpaka kwake nkamwambia mwanangu asiwe sababu yako, surua inaua.

Haya, nije kwenye hasa nnachotaka kusema. Katika yote tuliyoyafanya, kilichogeuza nyumba yetu ni kumwambia mtoto kinachofuata kabla hakijafuata. Kuna watu wanataka kusikia dawa au mashine, nikiwaambia hivi naona kabisa wamevunjika moyo. Lakini fikiria sisi tunajuaje kinachofuata, tunaokotaokota, mama kachukua buibui basi anatoka, bibi kafunika sufuria basi chakula tayari, baba kashika funguo. Hivo vialama vidogovidogo yeye havimfikii au vinamfikia vyote kwa pamoja hajui kipi ndo cha kufuata. Kwa hiyo kila kitu kwake kinakuja ghafla. Akuamshe mtu usiku wa manane akutie garini asikwambie unapelekwa wapi, utakaa kimya wewe? Utapiga kelele. Na ukishapiga kelele watasema una tabia mbaya.

Basi nkamshonea mifuko. Nlichukua kitambaa cha merikani, kile kizito, urefu wake kutoka juu ya kitasa mpaka karibu na chini ya mlango, nkakishonea mifuko imepangana kutoka juu kuja chini, mfuko mmoja upana wa kiganja, na chini kabisa mfuko mkubwa mweusi. Kila asubuhi tunatia kadi. Kadi nlikata maboksi ya biskuti nkabandika picha nkazifunika nailoni. Ya kwanza msala, yaani choo, ya pili chai, ya tatu nguo, ya nne skuli. Akimaliza kitu anachomoa kadi mwenyewe anaitumbukiza mfuko mweusi, na ile kutumbukiza ndo dawa, mana anaona kimekwisha. Wazo si langu, daktari alitwambia, na kule Carolina ya Kaskazini Marekani wanapanga madarasa kwa picha tangu miaka ya 70. Langu ni kitambaa tu. Daktari alitupatia karatasi zilizochapishwa zina picha za kuchora na hazikufaa hata kidogo, choo cha kukalia, beseni lenye bomba mbili, mtoto wetu akazitazama kama anatazama mji wa watu. Tukapiga picha vyetu. Ndoo yetu ya kijani, kata yetu, mlango wa chuoni kwao anaposoma Kurani, lile gari la baba yake kwa mbele. Hapo akafahamu siku ileile, tena ile ya ndoo akaibusu.

Mambo ya kuangalia. Usitie kadi nyingi, mwanzo tulitia mbili tu, sasa na kisha. Usiifanye kadi fimbo, yaani umuondolee kadi ya pwani kwa sababu kamwaga uji, ukifanya hivo ule mlango hatouamini tena. Na kubwa kuliko yote, ukishatia kadi ya pwani basi pwani muende hata kama umechoka. Watu wazima tuna tabia ya kumwambia mtoto "tutakwenda kesho" huku tunajua hatuendi, kwa watoto wengine inapita, kwake yeye umevunja kitu.

Skuli ndo palikuwa na kazi. Skuli ya mwanzo ya maandalizi, sitoitaja, walituita wakatwambia mchukueni, anasumbua wenziwe. Kaka yangu si mtu wa maneno, alikwenda kuchapishiwa kifungu cha 24 cha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, Tanzania imeuridhia tangu 2009, kinasema mtu asiachwe nje ya elimu kwa ulemavu wake, akakikunja akakitia mfukoni. Ile skuli hatukurudi, lakini skuli ya serikali tuliyokwenda alikiweka mezani kwa mwalimu mkuu hata kabla ya kukaa. Mwalimu mkuu akakisoma, akasema lakini bwana sisi hapa tutakuwa na mmoja tu wa namna hii. Nkamwambia mwalimu, shirika la afya duniani linakadiria mtoto mmoja katika kila 160 (siku hizi wanasema mtu mmoja katika 127), na wewe hapa una wanafunzi wanapindukia elfu, kwa hesabu hiyo unao sita au saba, hujawajua tu. Akacheka. Baadae yeye mwenyewe akaja kunambia kuna wawili darasa la tatu anawafikiria.

Kilichokuwa kinamtoa mtoto skuli si masomo, ni nguo na kengele.

Nguo naijua mimi. Shati la skuli la tetroni jipya, limefungwa ovaloki ndani uzi mkavu, na lebo nyuma ya shingo, mtoto wa kawaida anajikuna siku mbili anazoea. Wetu alikuwa analivua katikati ya darasa. Walimu wanasema hana adabu. Nlilifumua lote nkalishona kwa mshono wa kulaza, ule wa kukunja upindo ndani ya upindo usibaki uzi wowote unaogusa mwili, lebo nkaitoa na nyuzi zake zote mana ukiikata kwa mkasi kile kijisehemu kinachobaki kinachoma kuliko lebo yenyewe, halafu nkalifua mara nyingi kabla hajalivaa. Basi, shati likakaa mwilini. Kuna watu wanadhani ni deko. Wamarekani walipoandika upya mwongozo wao wa utambuzi mwaka 2013 hili la hisia, sauti, mguso, mwanga, harufu, wakalitia rasmi miongoni mwa alama za usonji, sikuwa nalijua hilo wakati nafumua lakini mama zetu wa Pemba wanaosema mtoto huyu ana mwili mwepesi walikuwa hawajakosea sana.

Kengele sasa. Skuli yao kengele ni ringi ya gari imening'inizwa mwembeni, inapigwa kwa chuma. Ikilia anaziba masikio anakimbia, na akikimbia anatoka nje ya uwanja. Kaka alimletea vile vifuniko vya masikio wanavovaa mafundi wa jenereta, vikasaidia, lakini vinavutia watoto wenziwe wanavivuta. Mwalimu wake wa darasa la kwanza, Mungu ampe umri, ndo aliepata jawabu. Alinambia, "Dada fundi, mimi nataka kengele apige yeye." Nkamwambia mwalimu, yeye ndo anaeikimbia. "Anaikimbia kwa sababu hajui inakuja lini, akiipiga yeye atajua." Wakaanza taratibu, kwanza anasimama mbali anamtazama mwalimu anapiga, anahesabiwa tatu mbili moja, halafu anashika chuma pamoja na mwalimu, halafu peke yake. Akawa mpiga kengele wa skuli mpaka darasa la nne, na asikwambie mtu, skuli ile haikuchelewa kutoka hata dakika moja, walimu wengine wakalalamika eti anawakatisha vipindi.

Hapo nkafahamu kwamba mwalimu yule na mimi tulikuwa na kazi moja bila kuambizana. Tukaanza daftari dogo la kwenda na kurudi, linakaa kwenye mkoba wake. Mimi naandika kalala saa ngapi, kala nini, usiku umeme ulikatika feni ikasimama, mgeni kaja. Yeye anaandika kesho wakaguzi wanakuja, kesho hakuna hesabu, mtoto fulani wa jirani yake hayupo. Mstari mmoja tu, hakuna anaeandika barua. Mwalimu mwenye watoto wengi vile darasani huwezi kumwambia ajaze fomu. Na mstari ule mmoja ndo mimi natia kadi za asubuhi kwa kuufuata. Darasa lao lilipohamishwa mkondo, kutoka asubuhi kwenda jioni, mwalimu alitwambia mapema, tukageuza mifuko kidogokidogo, chuo asubuhi skuli mchana, tukampeleka uwanjani mchana na uwanja mtupu akaona ndo palepale, na siku yenyewe akenda kama kawaida huku watoto wengine wawili watatu wanalia.

Lakini kuna vitu havijulikani, na hapa ndo nataka mkae na mimi kidogo, mana ndo palipotushinda kwa muda. Umeme hujui unarudi lini. Boti inaahirishwa kwa upepo. Na Idi! Hebu muelezeni mtoto anaetaka kujua kesho kuna nini kwamba kesho ni Idi au si Idi inategemea mwezi, na mwezi inategemea nani kauona, na Mufti atatangaza usiku. Tena mtaani kwetu kuna wanaofuata mwezi wa hapa na wanaofuata mwezi wa popote ulipoonekana, kwa hiyo mwaka mwengine Idi mbili, upande ule wa njia watoto washavaa nguo mpya wanakula biskuti, upande huu tumefunga. Yeye anasimama katikati ya njia anawatazama, anarudi mlangoni anatazama mfuko, mfuko unasema funga, anatoka tena. Mwaka mmoja alipiga kichwa ukutani mpaka pakavimba.

Ndo nkashona mfuko wa labda. Rangi ya machungwa, haufanani na mingine, na kadi yake nyeupe haina picha. Tulianza kwa vitu visivyo na uzito, kabla Ramadhani haijaja. Leo mchana wali au muhogo? Labda. Natia kadi nyeupe kwenye mfuko wa machungwa, na pembeni yake mifuko miwili midogo, mmoja picha ya wali mmoja picha ya muhogo. Bibi yake anatoka jikoni anainua kitu, muhogo! basi kadi nyeupe inatoka, ya wali inakwenda mfuko mweusi, ya muhogo inapanda juu. Mchezo. Tukaufanya mara nyingi mpaka akawa yeye anamfata bibi jikoni na kadi mkononi. Bibi yake anasema mimi nimekuwa kadhi nasubiriwa nitoe hukumu.

Ilipofika ishirini na tisa ya Ramadhani tukatia labda. Upande huu picha yake mwenyewe kavaa kanzu mpya, upande huu picha ya futari. Redio ikawashwa mapema, tukakaa. Tangazo likachelewa, mimi moyo unanipiga kuliko yeye, kashika kadi nyeupe anaizungusha vidoleni. Likatoka, mwezi haukuonekana. Akasimama, akaitia kanzu mfuko mweusi, halafu akaitoa, akaitia mfuko wa keshokutwa ambao hata sikuwa nimemfundisha. Wifi yangu akaenda chumbani, najua alikwenda kulia. Yule wa upande wa pili wa njia akapiga takbiri usiku ule na kijana wetu akamsikiliza tu, akasema "abiria wote mnaombwa", akenda kulala.

Sio kwamba haharibikiwi. Anaharibikiwa, na watu wengi hapo ndo wanakosea kwa nia nzuri, wanakusanyika, wanamsemesha, una nini mwanangu, nani kakupiga, kunywa maji, shika pipi. Kila neno linaongeza. Kwetu akianza, watu wanatoka, maneno yanakatika, taa inazimwa, anaingia chini ya meza ya kukatia nateremsha kitambaa mbele kama pazia, nami naendelea na kazi zangu za mkono sio mashine. Hakuna adhabu na hakuna somo siku hiyo, hata ikibidi kuzungumza juu yake tutazungumza kesho kwa picha. Nlimshonea pia mfuko wa kuweka mapajani nkautia mchele, anaupenda. Watafiti wa Uingereza walijaribu blanketi zito kwa watoto wenye usonji, majibu yakatoka 2014, usingizi haukuongezeka, ila watoto na wazazi walilipendelea kuliko la kawaida. Kwa hiyo fundi asikuuzie kwa bei ya dawa. Mchele na kipande cha kanga kuukuu, maliza.

Jambo la bahari lazima niliseme. Watoto hawa wengine hutoka wakenda, na sisi ni watu wa kisiwani. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2012 ulikuta karibu nusu ya watoto wenye usonji walishawahi kutoroka baada ya kutimia miaka minne, na maji ndo yanayowaua wengi. Yule wetu anapenda maji. Kaka alimfundisha kuogelea kabla hajajua kuandika, na wavuvi wa pale bandarini wanamjua kwa sura, na sheha anajua, na wenye maduka ya njiani wanajua wampigie nani. Nguo zake zote namba ya simu nimeidarizi upande wa ndani wa mfuko wa shati, sio shingoni, shingoni itamkera ataivua na namba itabaki njiani peke yake.

Na wauza dawa. Kuna meseji zinazunguka za matone ya kusafisha tumbo eti yanatoa usonji, mengine ni klorini dayoksaidi, ndo kemikali ya kung'arishia nguo na kuulia vijidudu, mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu 2019 wasinywe. Mimi natumia dawa za kung'arisha kwenye nguo za arusi, najua zinavofanya kwa kitambaa. Usimpe mtoto.

Wasichana nao wapo, wanasahaulika. Zamani ikisemwa wavulana wanne kwa msichana mmoja, uchambuzi wa 2017 ukaona ni karibu watatu kwa mmoja, na yule mmoja mara nyingi ni yule mtulivu anaeigiza wenziwe mchana kutwa halafu akirudi nyumbani anaanguka chali analia hakuna anaejua kwa nini. Nna mteja mwanawe hivo. Skuli wanamsifu, nyumbani mama yake kachoka. Nlimwambia tu aanze na daftari la mstari mmoja.

Ujana umekuja na yake. Sauti imekuwa nzito, ndevu zinaota, na wale wanawake waliokuwa wakimbeba sasa akiwasogelea wanaogopa. Tulimfundisha kwa kadi vilevile, chumbani kwake mlango ukifungwa ni mwake, nje ya chumba nguo zinavaliwa, na hakuna mtu wa kumgusa sehemu zake isipokuwa yeye mwenyewe akikoga, au daktari, na hapo baba yake awepo. Hili msilionee haya, mtoto asiekuwa na maneno ndo anaewindwa. Shikamoo ya kubusu mkono ilikuwa vita, hapendi kushikwa, wazee wakawa wanaona kiburi. Sasa anaweka kiganja kifuani anainamisha kichwa, na babu mmoja wa msikitini kwetu alipoona mara ya kwanza akamuitikia vilevile, baada ya hapo hakuna aliesema tena. Ijumaa anasali nje varandani, mbali na spika. Imamu alimwambia kaka mlete anavoweza, siku asiyoweza mwache.

Msimu wa karafuu anafanya kazi, na anaifanya kuliko mimi. Kuchambua karafuu na vikonyo vyake watu wanakaa duara wanapiga soga mikono inakwenda, yeye hapigi soga kwa hiyo pishi zake zinakuwa nyingi. Sasa tajiri mmoja msimu uliopita aliwalipa wenziwe pesa yeye akampa soda na pakiti ya biskuti, huyu atafanya nini na pesa. Kaka alikwenda usiku ule. Pesa ikaja, yote. Tumemtengenezea kadi mpya, picha ya karafuu, alama ya sawasawa, picha ya noti, na mfuko wake wa pesa nimeushona na zipu, anakwenda nao dukani ananunua betri za redio.

Baba yake anataka aende kituo cha mafunzo ya amali kule Vitongoji. Mama yake anasema abaki kwangu ajifunze cherehani. Mimi upindo wa mkono anaupiga vizuri, umenyooka kuliko wangu, lakini mashine ya umeme ikianza kuunguruma anaondoka, na bila mashine hatokula kwa ufundi huu. Kwa hiyo nataka kwenda Vitongoji mwenyewe kwanza bila yeye nikatazame karakana ina kelele kiasi gani, mapumziko wanakaa wapi, nani atakuwa mtu wake wa kumwambia kesho kuna nini, na kama watakubali lile daftari. Nimeshawaambia wote nyumbani kwamba mpaka nirudi na majibu hayo, Vitongoji inakaa mfuko wa machungwa.